Behewa Kuukuu Hukaguliwa Chini ya Sakafu

Kampala haina tramu, yaani treni ndogo za umeme zinazopita barabarani. Ina treni ya abiria ya Namanve, iliyorejeshwa Desemba 2015 kwenye reli ya zamani yenye upana wa milimita 1,000, na ina karakana ya reli kule Nalukolongo. Hata hivyo, abiria wetu wanauliza lile lile linaloulizwa katika miji yenye tramu: behewa limezeeka, mbona halitupwi?

Umri wa behewa hatuusomi kwenye mwaka lilipotengenezwa. Tunausoma kwenye chasi, fremu ya chini inayobeba behewa. Kutu huanzia maji yanapotuama: kwenye kizingiti cha mlango, chini ya madirisha, pembeni mwa sakafu. Nyufa nazo hujificha penye maungio yaliyochomelewa ya bogi, ile fremu inayobeba magurudumu, na ndani ya ekseli, mhimili unaounganisha magurudumu mawili. Huko macho hayafiki. Fundi hupitisha mawimbi ya sauti ndani ya ekseli, na kwenye bogi hutia usumaku kisha hunyunyiza unga wa chuma, ambao hujikusanya penye ufa. Chasi ikishaoza, afadhali kununua jipya, maana kinachobaki kukarabati ni jina tu.

Magurudumu hukerezwa ili yarudi katika umbo lake. Kila yakikerezwa hupungua kipenyo, na yakifika kikomo hutolewa, hakuna mjadala.

Kwenye umeme ndiko ukarabati unakolipa. Tramu za Prague za Tatra T3, aina iliyotengenezwa zaidi ya 13,000 kwa miji mingi, zilikuwa zikidhibiti mwendo kwa kupitisha umeme kwenye vipingamizi, vifaa vinavyoupunguza nguvu, na sehemu kubwa ikapotea kama joto. Nyingi zilipofanyiwa ukarabati zilifungwa mitambo ya kielektroniki. Sasa tramu ikifunga breki, mota zake hugeuka jenereta na kurudisha umeme kwenye waya wa juu, tramu nyingine iutumie. Lisbon nayo, katika miaka ya 1990, ilihifadhi bodi za tramu za miaka ya 1930 na kuziwekea mota na breki mpya. Watalii wanazipenda, lakini sababu haikuwa mapenzi tu: reli yao ina upana wa milimita 900, na vichochoro vya Alfama, mtaa wa kale wa Lisbon, vina kona kali na miinuko ambayo tramu ndefu za kisasa haziwezi.

Tahadhari moja ambayo wanunuzi huisahau: elektroniki huzeeka upesi kuliko chuma. Bodi inaweza kuishi miaka hamsini, lakini kadi ya kielektroniki ikiharibika baada ya miaka ishirini, huenda aliyeitengeneza ameshaacha kutengeneza kadi hizo. Mimi nisingesaini mkataba wa ukarabati usiodai michoro yote na akiba ya vipuri. (Rangi mpya wapake wapendavyo, hiyo ni pesa ndogo.)

Mabehewa yetu huvutwa na vichwa vya dizeli, kwa hiyo hesabu ya umeme ya Prague haituhusu moja kwa moja. Yanayotuhusu ni bogi, breki, milango, na nyaya za taa ambazo ngozi yake ikikauka na kupasuka huweza kuwasha moto. Reli za zamani za Kenya na reli ya kati ya zamani ya Tanzania zina upana ule ule wa milimita 1,000. Magurudumu na beringi tungeweza kuviagiza pamoja, na kiwandani agizo kubwa husikilizwa haraka kuliko dogo.