Usisahihishe Jina la Taasisi kwa Kalamu Nyekundu

Anayeona bango la Tamasha la Muziki wa Cigogo pale Chamwino anaweza kudhani mchora bango kasahau herufi. Kiswahili sanifu huandika sauti hiyo kwa "ch", na lugha yenyewe tunaiita Kigogo. Wenyewe wana tahajia yao, ambamo "c" inajitosheleza. Mwandishi wa habari anayeirekebisha anawavisha Wagogo jina ambalo hawakujipa.

Sababu ya pili ni sheria, na hapa ndipo wengi hujikwaa. Taasisi iliyosajiliwa ni mtu mbele ya sheria, na jina lake ni lile lililoandikwa kwenye cheti, hata kama limeandikwa kizamani. Hati ya kiwanja, akaunti ya benki, mikataba, wosia wa mzee aliyewaachia mali, vyote vimefuata herufi zile zile. Jina hubadilishwa kwa utaratibu wa msajili; katibu hana mamlaka ya kulinyoosha anapochapa barua.

Mfano ninaoupenda uko Wales. Kampuni ya reli ya Festiniog iliundwa kwa sheria ya Bunge la Uingereza mwaka 1832, iteremshe mawe bapa ya kuezekea kutoka milimani hadi bandarini. Sheria iliandika "f" moja. Lakini kwa Wawelshi "f" moja husomwa "v", ndiyo maana mji wenyewe huandikwa Ffestiniog. Mwaka 1946 treni zilisimama. Kumbe sheria ile haikuwa na kifungu cha kuifunga reli, basi kampuni ikaendelea kuishi kwenye makaratasi hadi wapenzi wa reli walipoichukua mwaka 1954, na abiria wakapanda tena mwaka 1955. Mabango ya leo yana "f" mbili. Kampuni kisheria bado ina moja, ile ya 1832.

Kwetu pia yapo majina yaliyogoma kuhama na wakati. Dayosisi ya Central Tanganyika, yenye makao hapa Dodoma, ilianzishwa mwaka 1927, na Muungano wa 1964 haukuigusa Tanganyika iliyo katika jina lake. Chama cha Wanasheria Tanganyika, kilichoundwa kwa sheria mwaka 1954, vivyo hivyo.

Sisi watunza nyaraka tuna sababu yetu binafsi ya kuzipenda tahajia hizi. Makaratasi ya Wajerumani yanaandika Mpapua, Daressalam, Kondoa-Irangi. Anayetafuta "Mpwapwa" peke yake atarudi nyumbani mikono mitupu. Jalada tunaliacha na jina lake la zamani, kisha tunaweka rejea kutoka jina la sasa.

Kama kikundi chenu cha utamaduni bado hakijasajiliwa, kaeni na wazee mkubaliane herufi kabla ya kujaza fomu. Na fundi wa muhuri apewe jina kwenye karatasi, asiambiwe kwa simu.