Stresi, presha na kile kigesi cha kwenye mishipa

Swali: Hivi mbona nikiwa na mawazo presha inapanda na chumvi nimepunguza?

Jibu: Mwili unadhani kuna hatari, unamwaga adrenalini, moyo unakimbia, mishipa inajibana. Hasira ikipita inashuka yenyewe, shida ni yule anayewaza marejesho ya mkopo asubuhi mpaka usiku.

Swali: Na kile kigesi cha kwenye mishipa, naitriki oksidi, ndo nini?

Jibu: Ni gesi, inatengenezwa na ukuta wa ndani wa mshipa wa damu, kazi yake kuulegeza mshipa damu ipite vizuri, inakaa sekunde chache tu imeisha kwa hiyo mwili unaitengeneza muda wote. Wanasayansi Furchgott, Ignarro na Murad walipata Nobeli mwaka 1998 kwa kuonyesha kazi yake. Sasa stresi ya muda mrefu, na sigara ndo usiseme, inaongeza radikali huru mwilini, yaani vichembe korofi vinavyoharibu vinachokutana nacho, zikiikuta ile gesi zinaiharibu kabla haijafanya kazi na mshipa unabaki umekaza. Antioksidanti kama vitamini C zinazituliza hizo radikali, gesi inapona. Kutembea nako kunasaidia, damu ikienda kasi ukuta wa mshipa unatoa gesi zaidi, we jioni shuka zako Raskazone hapa Tanga ukapunge upepo.

Swali: Kwa hiyo ninunue vidonge vya antioksidanti?

Jibu: Mi ningeipeleka hiyo hela sokoni Mgandini. Kuna utafiti wa Finland uliotoka 1994, wavuta sigara waliopewa vidonge vya beta karotini, nayo ni antioksidanti, walipata saratani ya mapafu zaidi kuliko wasiopewa, yaani dozi kubwa ya kidonge si sawa na chakula. Kula mapera, machungwa ya Muheza, na mchicha, maana mchicha una naitreti ambayo bakteria wa kwenye ulimi wanaanza kuibadilisha mpaka inakuwa gesi hiyohiyo. Ila ukiuchemsha ukamwaga maji, nyingi umeimwaga. Na wanaosukutua kila siku dawa ya kuua bakteria wanawaua na hao wasaidizi.

Swali: Shangazi ana presha, aache dawa ale mchicha?

Jibu: Hapana jamani, mchicha ale na dawa ameze. Na kwa wazee wetu wa kiume, anayetumia naitrogliserini ya moyo asiguse sildenafili, ile ya nguvu za kiume, zote zinapita njia ya gesi hii, presha inaweza kudondoka ghafla mtu akafa. Daktari aambiwe kila kinachomezwa, hata kile cha aibu.