Kamera ya taa nyekundu haimnasi aliyeingia kwa njano

Madereva wengi huamini kwamba taa ikigeuka nyekundu wakiwa katikati ya makutano, kamera itawanasa. Sivyo. Mtambo hufuatilia magari yanayovuka mstari wa kusimama baada ya taa kuwa nyekundu. Jiji la Chicago, Marekani, huachia hata sekunde 0.3 za ziada baada ya taa kuwa nyekundu. Picha ya kwanza huonyesha gari likiwa bado nyuma ya mstari na taa ni nyekundu, ya pili likiwa ndani ya makutano.

Hofu hiyo ina madhara: dereva hufunga breki ghafla kwenye njano, wa nyuma akamgonga. Utafiti wa serikali ya Marekani wa 2005 ulikuta kwamba kwenye makutano yenye kamera, ajali za kugongana ubavuni zimepungua kwa takriban asilimia 25, za kugongwa nyuma zimeongezeka kwa asilimia 15. Bado kamera zinafaa, maana ubavuni mwa gari kinga ya waliomo ni ndogo kuliko nyuma, hivyo ajali zilizopungua ndizo mbaya zaidi.