Mfereji Usioshika Maji: Cong, Kijiji Kilichokaa Juu ya Mwamba Unaovuja

Mara ya kwanza kufika Cong ilikuwa Julai, na kabla hata ya kutafuta chai nilishuka ndani ya mfereji. Nilishuka na viatu vyangu vya kutembelea, si buti. Chini nyasi zilinifika magotini, na kondoo mmoja alinitazama kama mtu aliyeingiliwa uani bila hodi. Kulia na kushoto kuta za mawe ya kuchonga zimesimama wima, kingo zake zingali kali. Hapa palitakiwa kuwekwa milango mikubwa ya kuzuia na kuachia maji, ili mashua za mizigo zipandishwe na kushushwa kati ya maziwa mawili. Milango haikuwekwa kamwe. Mashua haikupita hata moja.

Mimi ni mtu wa maji ya chini ya ardhi. Sehemu kubwa ya kazi yangu ni mwamba wa chokaa, mwamba wa aina ile ile iliyotoboka ikawa mapango ya Amboni kule Tanga. Kwa hiyo kijiji hiki kidogo cha magharibi ya Ireland, mpakani mwa kaunti za Mayo na Galway, nilianza kukijua kwenye ramani za miamba. Historia yake niliikuta baadaye, na nilipoikuta nikaona ni habari moja.

Jina lenyewe ni la kijiografia. Limetokana na neno la Kiairishi lenye maana ya mahali palipobana, shingo ya nchi kavu kati ya maji na maji. Kaskazini liko ziwa Lough Mask, kusini Lough Corrib, na kati yao kuna ardhi isiyozidi sana kilomita tano. Mask liko juu kuliko Corrib kwa kiasi cha mita kumi. Mtu yeyote angetegemea kukuta mto unaoporomoka kutoka ziwa la juu kwenda la chini. Hakuna. Maji ya Mask hufika ufukwe wa kusini, yakazama kwenye nyufa na mashimo, yakasafiri gizani chini ya malisho ya ng'ombe, kisha yakaibuka Cong yenyewe, kwenye chemchemi zinazobubujika kwa nguvu ya kuitwa mto papo hapo. Mto Cong hauna utoto. Unazaliwa mtu mzima, unapita kijijini, na baada ya mwendo mfupi tu umeshaingia Corrib.

Kinachofanya hivyo ni mvua. Tone la mvua hubeba gesi ya kaboni kutoka hewani, na zaidi kutoka kwenye udongo, likawa tindikali hafifu kuliko soda unayokunywa. Lakini halina haraka. Mwamba huu una zaidi ya miaka milioni 300, na kila ufa uliopata tone la kutosha ukapanuka, ufa ukawa bomba, bomba likawa pango. Matokeo yake unayaona hadi mashambani: kuna maziwa ambayo majira ya baridi yana bata na kiangazi yana ng'ombe, maana maji hupanda na kushuka kupitia matundu ya chini. Waairishi huyaita turlough, na wanasayansi wa nchi nyingine wameona heri walichukue neno hilo lilivyo.

Sasa fikiria wewe ni mmonaki wa karne ya 7, unatafuta mahali pa kukaa. Unataka maji yasiyokauka, samaki, mawe ya kujengea, na njia ambayo kila msafiri lazima aipite. Mtakatifu Feichin anatajwa kuwa ndiye aliyeanzisha makao ya kwanza ya wamonaki hapa. Abasia ya sasa ni ya baadaye. Mfalme Turlough O'Connor wa Connacht, jimbo la magharibi ya Ireland, aliijenga upya katika karne ya 12 baada ya ile ya kale kuungua, na magofu tunayoyaona leo mengi ni ya mwanzoni mwa karne ya 13. Nenda moja kwa moja kwenye milango ya upande wa ua. Fundi amechonga majani kwenye vichwa vya nguzo, na mistari bado inasomeka kwa kidole baada ya miaka mia nane ya mvua ya Mayo. Ila kuwa macho: sehemu ya matao ya ua ilirudishiwa miaka ya 1860, kwa fedha za Benjamin Lee Guinness, yule wa kiwanda cha bia, ambaye alikuwa amenunua kasri la Ashford jirani mwaka 1852. Mawe mapya na ya kale yamesimama bega kwa bega, na wageni wengi hupiga picha mapya wakidhani ni ya kale.

Mwana wa Turlough, Rory O'Connor, ndiye Mfalme Mkuu wa mwisho wa Ireland. Wanormani, wavamizi waliotoka Uingereza, walimpunguzia nchi kipande kwa kipande, wanawe wakammalizia, na miaka yake ya uzeeni aliipitisha hapa abasiani mpaka alipofariki mwaka 1198. Alikwenda kuzikwa Clonmacnoise, makao mengine ya kale ya wamonaki.

Hazina ya kijiji nayo haiko kijijini. Msalaba wa Cong ulitengenezwa mwaka 1123 kwa amri ya Turlough, mti wa mwaloni uliovikwa shaba na nakshi za dhahabu, na katikati jiwe angavu la kioo ambalo nyuma yake ilikaa chembe iliyoaminiwa kuwa ya msalaba wa Yesu. Abasia ilipofungwa karne ya 16, msalaba ulifichwa mikononi mwa watu. Padre Patrick Prendergast, aliyeendelea kuitwa abate wa Cong ingawa abasia ilikuwa gofu, aliutunza nyumbani kwake hadi kifo chake mwaka 1829. Miaka kumi baadaye mwanahisabati James MacCullagh aliununua kwa gini mia moja akaupeleka Dublin, na leo umo katika Makumbusho ya Taifa. Kwa maoni yangu MacCullagh aliuokoa. Wapo wenyeji ambao hadi leo hawasemi hivyo.

Lakini jengo ninalolipenda kuliko yote ni dogo kama banda. Nyuma ya abasia, ukivuka nyasi, kuna kibanda cha mawe kilichojengwa juu ya mto, sakafu yake imekaa juu ya tao, na maji yanapita chini yake. Hii ni nyumba ya wamonaki ya kuvulia samaki. Ndani kuna meko, maana baridi ya pale si mchezo, na sakafuni kuna tundu la mstatili. Unapiga magoti, unachungulia: maji ya kijani, yanakwenda kasi, unaona kokoto za chini. Wavu ulishushwa pale pale, mvuvi akiwa amekaa mkavu karibu na moto wake. Masimulizi yanasema kamba ilitoka hapo hadi jikoni kwa wamonaki, samaki akinasa kengele inalia, mpishi aweke sufuria. Kuhusu kengele sina la kusema. Mahali penyewe, hata hivyo, ni akili tupu. Mto wa kawaida hufurika leo ukakauka kesho, lakini huu unalishwa na ziwa zima kupitia mwamba, kwa hiyo mwendo wake ni wa kipimo kuliko mito jirani. Aliyechagua mahali pale aliujua mto huo vizuri.

Turudi kwenye mfereji. Ugonjwa wa viazi uliingia Ireland mwaka 1845, na Njaa Kuu iliyofuata iliua watu kama milioni moja, na zaidi ya milioni nyingine wakahama. Mayo iliumia kuliko karibu kila kaunti. Serikali ilipenda mtu afanye kazi ndipo alipwe cha kununulia chakula, na mwaka 1848 uchimbaji ukaanza Cong: mfereji wa kupunguza mafuriko ya Mask, na wakati huo huo kuwezesha mashua kutoka Galway kupanda Corrib hadi ziwa la juu. Watu waliodhoofika kwa njaa walipasua mwamba kwa sururu na baruti.

Hadithi unayoambiwa kila baa ni tamu. Kwamba walichimba miaka sita, ikafika siku ya kufungua maji, umati umekusanyika, maji yakaingia, yakazunguka kidogo, yakanywewa na ardhi mbele ya macho ya wakubwa. Hata mimi niliisimulia hivyo kwa wanafunzi kwa muda. Haikuwa hivyo. Mwaka 1854 ilitoka amri ya kusimamisha kazi zote za usafiri wa mashua na kuacha zile za kutolea maji ya mafuriko tu, huku mfereji haujamalizika. Reli kutoka Dublin ilikuwa imefika Galway tangu 1851, gharama zilikuwa zimepanda, na nani angelipia mashua penye treni? Mwamba ulivuja, ndiyo, na ungevuja. Lakini dawa ya mfereji unaovuja ilikuwa inajulikana siku nyingi: kuusiriba kwa tabaka nene la udongo wa mfinyanzi uliokandwa. Kilichokosekana ni fedha na sababu ya kuzitumia. Tunapenda kumcheka mhandisi mjinga kwa kuwa kicheko hicho hakituulizi kwa nini wenye njaa walipewa sururu kwanza.

Nyumba za jirani zina habari nyingine. Kilomita chache kaskazini, karibu na Ballinrobe, liko jumba la Lough Mask, alikokaa Kapteni Charles Boycott, msimamizi wa ardhi ya Lord Erne. Mwaka 1880 wakulima walipunguziwa kodi kwa asilimia 10, wakadai 25, wakakataliwa, kisha zikaletwa hati za kuwafukuza. Vibarua wakaacha kazi, mhunzi akakataa kupiga viatu vya farasi wake, dobi akakataa nguo. Mavuno yake yaliokolewa na watu hamsini kutoka Ulster, jimbo la kaskazini, wakilindwa na askari karibu elfu moja. Padre John O'Malley wa kijiji cha The Neale, hapo hapo jirani na Cong, ndiye anayetajwa kulifanya jina la kapteni kuwa kitenzi cha Kiingereza, boycott, yaani kususia, na lugha kibao zikakibeba. Sisi hatukukihitaji, kususia tunako tangu utotoni kwenye sahani ya ugali.

Filamu ya John Wayne na Maureen O'Hara iliyopigwa hapa mwaka 1951 ndiyo inayojaza mabasi ya watalii, na sanamu yao ipo. Sina ugomvi nayo. Ila mabasi hayo hayafiki kwenye Pigeon Hole, pango lililo msituni, na hapo wageni wanapunjika. Unashuka ngazi za mawe zenye utelezi, mwanga unabaki juu, na chini unausikia mto kabla ya kuuona. Ni maji ya Mask, yakiwa safarini. Wenyeji husimulia kuwa humo alikaa trauti mweupe, binti ambaye mchumba wake alipotea, naye akageuka samaki. Askari mmoja akamvua, akamkaanga. Akageuza upande huu, akageuza ule, samaki hapati rangi. Alipomchoma kwa kisu, kikaangoni akaruka mwanamke aliyevaa nyeupe, mkono unatoka damu, akamwamuru amrudishe mtoni upesi kwani anamngoja mtu.

Nilirudi Cong mwezi Februari, Mask limejaa. Nilipofika mfereji ule ule, maji yalikuwa yakipita kati ya zile kuta, rangi ya chai ya rangi, yakizunguka pembeni mahali nilipokuwa nimesimama na viatu vyangu. Mama mmoja alikuwa anatembeza mbwa. Aliniona natazama kwa muda mrefu, akasimama.

"Leo umebahatika," akasema. "Njoo Juni utakuta kondoo."