Hilo kanisa halina mwaka mmoja wa kujengwa

Jumamosi iliyopita tena. Nipo juu ya ngazi, futi mkononi, tochi mdomoni, vumbi la chokaa hadi kwenye nyusi, akaingia baba mmoja na familia yake. Akasoma kibao cha mlangoni kwa sauti: kanisa la karne ya 12. Halafu akaniona mimi, na kwa kuwa nimevaa kofia ya ujenzi akadhani ninajua kila kitu. "Samahani bwana, lilijengwa mwaka gani hasa?"

Mke wangu ameshanionya nisishuke nikiulizwa swali hilo. Nikashuka.

Nikamwambia ukuta unaouegemea umeuzidi umri mlango uliopitia, mlango nao umelizidi dirisha lililo juu yake, na lile dirisha la mashariki ulilolipiga picha kwa heshima kubwa ni la enzi za reli, karne ya 19. Akaniangalia kama mtu aliyeuziwa simu bandia. Mkewe akacheka. Mimi nikarudi kwenye ngazi, na usiku nikaanza kuandika haya, maana nimechoka kuyasema nikiwa nimeng'ata tochi.

Kazi yangu ni kupima majengo ya zamani hapa Uingereza na kuchora kuta zake jiwe kwa jiwe kabla mafundi hawajazigusa. Makanisa ya vijijini ndiyo mengi. Na kosa ninalokutana nalo kila wiki, kwa wageni, kwa wazee wa kanisa wenyewe, hata kwa ndugu zangu wanaonitumia picha WhatsApp, ni lile lile: kwamba kanisa lilijengwa. Likaanza, likaisha, likakabidhiwa funguo, likaandikwa mwaka.

Kanisa la parokia la zama za kati halikuisha. Lilikuwa kama nyumba ya ukoo. Mwenye shamba alijenga kachumba ka mawe penye kanisa la mbao la babu yake. Mjukuu akapata fedha za sufu, akabomoa ubavu mmoja akaongeza bawa, yaani njia ya pembeni iliyotengwa kwa safu ya nguzo. Tauni ya 1348 na 1349 ikaja, waashi wakafa pamoja na waliokuwa wakiwalipa, kazi ikasimama. Waliobaki wakaja kuinua kuta na kuweka madirisha ya juu, kwa sababu paa jipya la mabamba ya madini ya risasi halihitaji mteremko mkali kama la zamani. Kule Ashwell, Hertfordshire, ndani ya mnara, mtu alikwaruza ukutani kwa Kilatini mwaka 1350 kwamba umebaki umma duni kutoa ushahidi. Chini ya hapo umetajwa upepo mkali wa 1361. Mwaka gani sasa tuuandike kwenye kibao?

Kuna na suala la mlipaji, ambalo ukilijua nusu ya mafumbo yanaisha. Tangu karne ya 13 desturi ilikuwa kwamba chanseli, sehemu ya mashariki yenye madhabahu, ni mzigo wa rekta, yule anayekula fungu la kumi, na ukumbi wanaposimama waumini ni mzigo wa waumini wenyewe. Mifuko miwili, jengo moja. Ndiyo maana unakuta ukumbi mpana wenye kenchi za kuchonga umeshikana na chanseli iliyokonda kama mgonjwa, au kinyume chake. Na msidhani ni mambo ya kale tu. Mwaka 2003 kesi ya Aston Cantlow, Warwickshire, ilifika hadi Baraza la Mabwana, mahakama ya juu kabisa ya wakati huo, na wenye shamba fulani wakaambiwa deni la kukarabati chanseli limefuatana na ardhi yao. Madai yalianzia zaidi ya pauni 95,000. Kwa ajili ya fungu la kumi la watu waliooza karne nyingi zilizopita!

Sasa tuje kwenye madirisha, maana hapa ndipo ninapopandwa na presha.

Mtu aliyetupa majina ya mitindo ni Thomas Rickman, karani wa hesabu kwenye ofisi ya bima Liverpool, aliyelelewa katika Kanisa la Marafiki (Quaker), lile lile lililokuja kuweka kambi Kaimosi, Kenya. Watu wasio na mnara wala madhabahu, na mmoja wao ndiye aliyewafundisha Waanglikana kusoma minara yao. Kitabu chake cha 1817 kiliyapanga majengo kwa umbo: tao la duara la Wanomani, walioiteka Uingereza mwaka 1066, kisha tao lenye ncha na madirisha membamba, kisha madirisha ya mapambo yanayojipinda kama majani, kisha yale ya fito zilizonyooka kwenda juu. Bado tunayatumia majina yake, mimi pia.

Lakini hoja yake nzuri kuliko zote aliitoa kwenye mnara wa kanisa la Mtakatifu Petro, Barton-upon-Humber, Lincolnshire. Ukiutazama kwa nje, sehemu ya chini imepambwa kwa vipande vyembamba vya mawe vilivyosimama wima kama fito za ukuta wa udongo, vingine vimeunganishwa kwa matao madogo ya duara, na juu yake vingine kwa pembetatu. Halafu juu kabisa kuna ghorofa ya kengele isiyofanana na hayo, ambayo ni kazi ya mwanzo mwanzo wa Wanomani. Hoja ya Rickman ilikuwa nyepesi kiasi cha kuudhi: kinachobeba kilitangulia kinachobebwa. Kama cha juu ni cha Wanomani, cha chini ni cha watu waliowatangulia, yaani kabla ya 1066. Hivyo ndivyo majengo ya Wasaksoni, hao waliowatangulia, yalivyoanza kutambuliwa kwa hoja badala ya kwa ndoto.

Ona basi alichofanya. Hakusema "dirisha hili ni la umbo fulani kwa hiyo kanisa ni la mwaka fulani". Alitazama nini kimekaa juu ya nini. Wanaomnukuu wameitupa hoja wakabaki na orodha ya maumbo, wanatembea nayo kanisani kama kalenda ya ukutani. Dirisha lenye ncha! Karne ya 13! Jamani. Nenda kwa bibi yako Ng'ambo, ile nyumba yenye ukuta wa mawe na chokaa ambayo mjomba aliiwekea madirisha ya alumini. Utasema nyumba imejengwa juzi? Dirisha ni tundu. Tundu linatobolewa wakati wowote, linapanuliwa, linazibwa, linachomolewa likahamishiwa ukuta mpya kwa sababu mawe yaliyochongwa ni ghali na hakuna aliyetaka kuyatupa. Na katika karne ya 19 wasanifu walichonga madirisha ya "karne ya 13" kwa maelfu, safi kabisa, safi kupita ya kweli. Usafi huo ndio unaowaumbua.

Jiwe lenyewe pia halisemi kitu peke yake. Escomb, kaunti ya Durham, ni kanisa la karne ya 7, lakini mawe yake mengi yametoka kwenye ngome ya Warumi ya Binchester jirani, na moja lina jina la Legioni ya 6, limejengewa kichwa chini. Jiwe la Mrumi, ukuta wa Msaksoni.

Sasa naomba nikuchanganye kidogo, kwa sababu kanuni ya Rickman nayo ina ujanja wake. Ingia ukumbini, tazama safu ya nguzo na matao inayotenga bawa. Ukuta ulio juu ya matao, wenye kubebwa, mara nyingi ni wa zamani kuliko matao yanayoubeba. Ndiyo, umesoma sawasawa. Waashi walipotaka bawa hawakubomoa ukuta wa ukumbi, kwani paa liko juu yake na ibada zinaendelea. Walitoboa mwanya wakasimamisha nguzo, wakatoboa mwingine, wakafunga tao ndani ya ukuta, mwisho wakaondoa kilichobaki chini. Ushahidi? Angalia juu ya tao kama kuna kidirisha kilichozibwa ambacho tao limekikata kiuno. Ukikiona hicho, huhitaji kitabu.

Hapo ndipo tunapofikia ile hadithi ya kichwa cha Yesu. Makanisa mengi chanseli yake haiko kwenye mstari mmoja na ukumbi, imepinda kidogo kaskazini au kusini. Waongozaji watakuambia ni makusudi, ni kichwa cha Kristo kilichoinama msalabani. Hadithi tamu. Ni ndugu ya ile ya nguzo za kanisa kuu la Waanglikana la Mkunazini, Zanzibar, zilizosimamishwa kichwa chini eti kwa sababu askofu Steere alikuwa safarini. Tatizo ni kwamba kichwa hiki kinainama popote, kushoto kijiji hiki, kulia kijiji cha pili. Fikiria kama fundi. Unajenga chanseli mpya kubwa kuizunguka ya zamani, ambayo haibomolewi hadi mpya iezekwe. Kamba yako ya vipimo huwezi kuinyoosha kutoka mlango wa magharibi hadi mashariki, maana katikati kuna ukuta na padri anasoma misa. Unakadiria kutoka nje. Ukikosea nyuzi 2 unapata kichwa cha Yesu. Kwangu mimi kupinda kule ni ushahidi wa awamu mbili za ujenzi, na fundi aliyefanya alichoweza.

Makanisa yalipungua pia, jambo ambalo hakuna mgeni aliyewahi kuniuliza. Wharram Percy, Yorkshire, ni kijiji kilichohamwa. Kanisa lake sasa ni gofu. Ukisimama nje ya ukumbi unaona matao yamezibwa mawe na vidirisha vikapachikwa ndani ya viraka. Lilikuwa na mabawa. Watu walipopungua, mabawa yakabomolewa na matao yakafungwa kama mtu anayekunja mikono ya shati. Historia yote ya kijiji iko kwenye viraka vile.

Suala la plasta nalipitia haraka, lina makala yake. Kuta zile za mawe matupu unazoziita "za asili" si za asili. Zilipakwa chokaa na kuchorwa rangi, na waliozikwangua ni watu wa karne ya 19. William Morris, mbunifu wa mapambo, na wenzake waliunda chama cha kuwapinga mwaka 1877. Mimi nimekulia Pangani, nimeona tanuu la chokaa likiwaka. Mtu kuniambia ukuta wa mawe yasiyochongwa uliachwa bila niru naona ananitania. Na wanaoziba nyufa zake kwa saruji, sitaki hata kuanza.

Lakini tusijifanye. Nasi tunakosea, tena kwa maandishi. Greensted, Essex, kuna kuta za magogo ya mwaloni yaliyopasuliwa katikati na kusimamishwa. Miaka mingi yalitajwa kuwa ya mwaka 845 hivi. Mwaka 1995 pete za miti, zile zinazoonyesha umri wake, zikachunguzwa upya, ikaonekana miti ilikatwa baada ya 1060. Karne mbili zikayeyuka. Hata hiyo si tarehe kamili, kwa sababu pete za nje zilichongwa na fundi, na anayekuambia mwaka mmoja kutoka kwenye gogo lisilo na gome anakudanganya.

Mimi mwenyewe niliwahi kuandika kwenye ripoti kwamba ukuta fulani ni wa karne ya 11. Mawe yamelazwa mshazari kama mifupa ya samaki, mtindo unaohusishwa na karne hiyo, nikafurahi, nikaandika. Miezi 3 baadaye fundi akang'oa jiwe moja lililolegea, na ndani kabisa, kwenye chokaa ambayo haikuwahi kuguswa, kulikuwa na kipande cha kiko cha udongo. Kiko cha tumbaku! Tumbaku haikuwapo Uingereza kabla ya karne ya 16. Yule fundi alikipangusa kwa kidole gumba, akanikabidhi, hakusema neno. Bado kipo kwenye droo yangu.

Kwa hiyo ukiniuliza mwaka nitakuuliza sehemu gani, na hata hapo nitakupa nusu karne. Barton kwenyewe, panapojulikana kuliko karibu parokia yoyote nchini baada ya uchimbaji wa 1978 hadi 1984 na maiti karibu 2,800 kufukuliwa, tunasema mnara ni wa mwisho wa karne ya 10 au mwanzo wa 11. "Au" hiyo haijaondoka.

Yule baba, tumpe haki yake, alirudi pale kwenye ngazi. Akaomba tochi. Nikamwonyesha namna ya kuilaza ubavu kwa ubavu na ukuta ili mwanga uparuze jiwe na alama za chombo zijitokeze. Chini, mistari ya mshazari ya shoka. Gervase, mtawa wa Canterbury aliyeeleza ujenzi mpya baada ya moto wa 1174, aliona tofauti hiyo hiyo: kazi ya zamani ilichongwa kwa shoka, mpya kwa patasi. Akaipandisha tochi polepole. Mistari ya shoka ikakatika ghafla, usawa wa bega lake, na juu yake zikaanza alama ndogo ndogo za patasi yenye meno.

"Hapa vimebadilika," akasema.

Kwenye mchoro wangu ukuta ule niliuchora kipande kimoja, juu hadi chini. Nimeshaufuta. Jumamosi narudi na ngazi.