Mguu Ulioganda Mlangoni: Yanayosemwa na Yanayotokea Ubongoni kwa Mgonjwa wa Parkinson

Baba yangu ana Parkinson, ugonjwa wa ubongo. Hufika mlangoni mwa chumba chake akasimama. Miguu imeganda kana kwamba imegundishwa sakafuni. Wageni humhimiza, "Jikaze, mzee wangu, inua mguu." Mama hasemi kitu. Huja akaweka mguu wake mbele ya wa baba, baba akauruka kama mtu anayevuka mfereji, akaendelea mpaka sebuleni.

"Misuli imemwishia nguvu"

Hili nimelisikia kuliko mengine yote, na ndilo linaloniumiza zaidi, kwa sababu humfanya mgonjwa aonekane mvivu. Misuli ya baba ni mizima. Tatizo liko katikati ya ubongo, kwenye kipande kidogo ambacho kwa mtu mzima wa afya huonekana cheusi hata kwa macho. Seli zake hutengeneza dopamini, kemikali ya kupelekeana ujumbe, na kuipeleka kwenye viini vya ndani vinavyosaidia kuanzisha mwendo na kuupima nguvu, hasa ule wa mazoea: kutembea, kufunga kifungo, kuandika jina. Kwa mgonjwa wa Parkinson seli hizo hufa polepole, na ule weusi hufifia.

Mwaka 1960 huko Vienna, Austria, mtafiti Oleh Hornykiewicz na mwenzake walitangaza kwamba ubongo wa watu waliofariki na ugonjwa huu ulikuwa umepungukiwa sana na dopamini. Mwaka uliofuata wagonjwa wakadungwa levodopa, ambayo ubongo huigeuza kuwa dopamini. Watu waliokuwa hawawezi hata kuketi kitandani waliinuka wakatembea. Misuli iliyokufa haiamki kwa sindano.

Na mguu wa mama je? Njia ya mazoea ndiyo iliyoziba. Jicho likiona kitu cha kuruka, ubongo hupata njia ya pembeni, kupitia sehemu zinazoongozwa na macho. Ndiyo maana tumebandika tepu nyeupe kwenye ukorido wetu, hatua kwa hatua. Baba hukwama kwenye sakafu tupu, lakini kwenye mistari anapita.

"Ubongo wake umelala"

Hata mimi niliamini hivi, mpaka nilipoanza kusoma. Ukweli unakaribia kuwa kinyume chake. Fikiria soko asubuhi. Huyu anauza nyanya, yule anadai chenji, wengine wanasalimiana. Kelele zimechanganyika lakini kazi inakwenda. Sasa soko zima lianze kupiga makofi kwa mdundo mmoja, bila kuacha. Watu wapo, nguvu ipo, ila hakuna anayeweza kununua nyanya.

Jambo linalofanana na hilo hutokea kwenye viini vya ndani dopamini inapopungua. Makundi ya seli hushikwa na mdundo mmoja, mawimbi yaitwayo beta, yanayopiga mara 13 hadi 30 kwa sekunde. Kwa mtu mzima wa afya mawimbi haya pia yapo, lakini hutulia anapotaka kusogea, kisha hurudi. Kwa mgonjwa hupanda na kudumu kupita kiasi, na amri ya kusogea hupenya kwa shida. Akimeza levodopa ikafanya kazi, mawimbi hushuka, na mwili hulegea.

Haya si ya kubahatisha. Mwaka 1987 huko Grenoble, Ufaransa, daktari wa upasuaji wa ubongo Alim-Louis Benabid aliona mtetemeko wa mgonjwa ukikoma alipopitisha umeme wa kasi ndani kabisa ya ubongo. Upasuaji uliotokana na hapo, wa kuweka waya mwembamba wa umeme, uliwapa madaktari pia nafasi ya kusikiliza seli zenyewe. Umeme huo hauponyi ugonjwa. Huvuruga ule mdundo, na seli zinaendelea kufa.

"Hatetemeki, basi si Parkinson"

Wapo wengi wasiotetemeka kabisa. Wao hupata wepesi uliopungua, ugumu wa viungo, maandishi yanayozidi kuwa madogo, uso usioonyesha furaha hata moyoni ikiwepo. Tena miaka kabla ya hayo mtu anaweza kupoteza uwezo wa kunusa, kupata choo kigumu, au kupiga mateke usingizini akiota.

"Ni uzee tu"

Bondia Muhammad Ali, aliyemwangusha George Foreman Kinshasa mwaka 1974, aliambiwa ana ugonjwa huu mwaka 1984, akiwa na miaka 42. Uzee huongeza hatari, lakini uzee peke yake haumgandishi mtu mlangoni.

Gharama ya kusema "uzee" tunaijua hapa kwetu. Watafiti walipopita nyumba kwa nyumba wilayani Hai, Kilimanjaro, waligundua kwamba wengi wa wagonjwa waliowakuta hawakuwa wamewahi kuambiwa wanaumwa nini. Wengine hupelekwa kwa mganga, wakaambiwa wamerogwa, na miaka ikapita.

"Jana alitembea, leo anajifanya"

Hali hubadilika ndani ya siku moja, dawa inapopanda na kushuka, na hofu huizidisha. Mwaka 2001 watafiti wa Vancouver, Kanada, waliwapa wagonjwa sindano isiyo na dawa huku wakipiga picha ubongo. Kwa kutarajia nafuu tu, ubongo wao ulimwaga dopamini yake wenyewe. Kwa hiyo nafuu inayoletwa na matumaini ni nafuu ya kweli, inaonekana kwenye picha. Mgonjwa anayekaripiwa mlangoni huganda zaidi.

"Upupu unatosha"

Hii ina chembe ya ukweli. Mbegu za upupu, mmea uleule unaowasha, zina levodopa ya asili. Lakini kiasi hutofautiana mbegu kwa mbegu, na ukiongeza juu ya vidonge unaweza kumletea mgonjwa kichefuchefu, kushuka kwa presha au mwili kujinyonganyonga. Daktari wake ajue kwanza.

Na levodopa hugombea mlango mmoja na protini, utumboni na pia inapoingia ubongoni. Baba humeza kidonge chake saa kumi na mbili na nusu asubuhi na maji matupu. Chai na chapati saa moja na nusu. Maharage tunamwekea ya usiku.