Alama ya > haimaanishi "chora mshale kwenda kulia"

Wanapochora kwenye mstari wa namba majibu ya swali kama x > 3, wanafunzi wengi hushika kanuni moja ya mkato: ukiona >, chora mshale kwenda kulia, ukiona <, chora kwenda kushoto. Kanuni hiyo hufanya kazi kwa uhakika pale tu x inapokaa peke yake kushoto mwa alama. Kwa kuwa maswali mengi ya mazoezi huandikwa hivyo, kosa hujificha muda mrefu.

Chukua 5 > x. Ncha ya alama imeelekea kulia, lakini kinachosemwa ni kwamba x ni ndogo kuliko 5. Mshale unaanzia 5 kwenda kushoto, unapita 4, 0, -1 na kuendelea. Ukibisha, weka 7 mahali pa x: 5 > 7? Si kweli. Weka 2: 5 > 2, kweli. Basi 2 lazima iwe ndani ya sehemu iliyochorwa.

Balaa zaidi ni -2x < 6. Ukigawanya pande zote kwa -2, alama hugeuka: x > -3. Aliyechora kwa kuangalia alama ya swali ameelekea kushoto, na jibu liko kulia. Jaribu 0 (mimi huanza nayo, hesabu yake haichoshi): 0 < 6, kweli, na 0 iko kulia mwa -3.

Kiduara cha mwanzo wa mshale, kwenye -3, huachwa wazi, maana -3 yenyewe inatoa 6 < 6, jambo lisilo kweli. Swali lingekuwa -2x ≤ 6 (ndogo kuliko au sawa na 6), kingejazwa.